Vyumba Visivyo na Namba

2 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Naitanguliza kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani.

Barua yako dereva wa basi aliileta Jumanne, imekunjwa kama sambusa. Fundi cherehani alinisomea mara mbili, mara ya pili polepole, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa na pini mdomoni. Nimeelewa kwamba wenzako wa chuo wamekuchagua kuwa katibu wa malazi katika baraza la wanafunzi. Nimeelewa pia kwamba umetengeneza kitu ndani ya kompyuta. Hapo ndipo mimi na Fundi tulipokwama. Yeye anasema ni kama pataroni ya gauni, unaikata mara moja halafu unashona magauni mia. Mimi nasema Fundi akiulizwa habari za mvua atajibu habari za gauni.

Majirani wananiuliza mjukuu wako anafanya nini huko. Nimewaambia anaiamuru mashine nayo inatii. Sasa wewe niandikie vizuri kitu hicho kinafanya nini na kinamsaidia nani, usinitie aibu. Na usipige simu. Masikio yangu yamekuwa ya mapambo, kwenye simu nasikia nusu, na nusu nyingine naitunga mwenyewe. Barua Fundi ananisomea hata mara kumi.

Kula. Ulivyoondoka hapa shingo yako ilikuwa kama ya korongo.

Bibi yako

*

10 Februari

Shikamoo Bibi,

Mwambie Fundi amekaribia kabisa, na asivimbe kichwa.

Hapa chuoni wasichana tunalala katika mabweni mawili, Bweni la Juu, ambalo ni jipya, na Bweni la Chini, lile la zamani karibu na jiko. Shida yetu ni maji. Mabomba yanakauka siku tatu, siku nne. Viongozi waliopita walikuwa wanaandika malalamiko kwenye daftari, daftari linapelekwa ofisini, na huko linalala usingizi wa pono.

Mimi nimeandika programu. Msichana yeyote anatuma ujumbe kwa simu yake, anataja namba ya chumba na shida yake. Anajibiwa papo hapo kwamba ujumbe umepokelewa. Kisha programu inahesabu na kuchora ramani ya mabweni, na palipo na shida nyingi panakuwa pekundu. Hakuna wa kusema hakujua, wala wa kusema daftari limepotea.

Na safari hii kuna jambo kubwa. Chuo kimepata tangi moja jipya na mabomba ya kutosha bweni moja tu kwa mwaka huu. Baraza litaamua liende wapi kwa kufuata ramani yangu. Mpaka leo Bweni la Juu lina malalamiko mia tatu na kumi na mawili. La Chini lina tisa. Mkuu wa chuo mwenyewe aliniita ofisini, akaitazama ramani akiwa amesimama, akasema hajawahi kuona wanafunzi wakileta hoja iliyonyooka hivi. Tarehe tatu Machi nitaionyesha mbele ya viongozi wa vyuo vingine.

Bibi, nilikaa wiki sita naiandika. Ilipochora rangi mara ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani.

Mjukuu wako,
Chiriku

*

17 Februari

Chiriku, mke mwenzangu,

Barua yako imetembea mtaa mzima. Nimempelekea mwenye bucha, nimempelekea yule mng'oa meno aliyening'oa jino zima akaliacha bovu, nimempelekea hata mama mkwe wa Fundi ambaye hatuongei. Kila aliyeisoma nilimtazama usoni mpaka akasema umefanya vizuri. Kung'ang'ana wiki sita na kitu ambacho hakina harufu wala uzito, halafu kikatoka rangi. Mimi ningekitupa siku ya pili. Una kichwa, na kichwa hicho hukukitoa kwa babu yako, Mungu amrehemu, aliyekuwa anapotea akienda msalani.

Lakini kuna neno limenikaa kooni. Tisa. Bweni la Chini wanalala wasichana wangapi? Nimemuuliza Fundi kama uliandika, amesema hukuandika.

Mimi sijui a wala be, lakini nilifagia wodi ya watoto miaka ishirini na saba. Nikikwambia habari za kelele nisikilize. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Wanaopiga kelele wodini, wewe piga deki taratibu, hao watakula uji jioni. Wa kumwogopa ni yule aliyenyamaza na macho yako wazi. Siku moja niligundua mtoto wa namna hiyo, kitanda cha dirishani. Nikamwambia muuguzi mkuu, akaja mbio, mtoto akapona.

Basi wewe shuka huko Chini kwa miguu yako. Fungua bomba. Chungulia ndoo. Mashine yako haina mkono wa kufungulia bomba, wewe unao.

Bibi yako

*

6 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini hamjambo wote nyumbani. Mimi sijambo. Mkutano wa tarehe tatu ulikwenda vizuri, watu walipiga makofi, na viongozi wa vyuo viwili wameniomba niwape programu yangu waitumie kwao. Baraza limeamua tangi liende Bweni la Juu. Fundi bomba ataanza kuchimba tarehe ishirini.

Kuhusu Bweni la Chini, nilipita.

Masomo ni mengi kidogo. Nisalimie Fundi na watoto wake, nisalimie mwenye bucha, nisalimie mama wa duka la kona, msalimie na paka. Wasalimie wote watakaoniulizia.

Mjukuu wako

*

9 Machi

Chiriku,

Paka alikufa mwaka juzi. Ulilia siku mbili ukakataa chai. Leo unamsalimia.

Barua yako ni salamu tupu, kama mfuko wa mtu aliyetoka sokoni bila kununua kitu na hataki watu wajue. Hata jina lako hukuliweka chini, umeandika mjukuu tu, kama ninaye mmoja. Fundi alipomaliza kusoma aligeuza karatasi kutafuta upande wa pili.

Nauliza bila kuzunguka. Ni mimba? Fundi amekataa kuliandika neno hilo, anasema nikuulize kwa upole. Nimemwambia upole nitautumia ukishajibu, kwanza aandike. Kama ni mimba sema. Mtoto hatarudishwa alikotoka, tutakaa, tutapanga, nitamtukana baba yake, utarudi darasani.

Kama si mimba, basi ni hilo neno moja uliloliweka katikati. Nilipita. Wewe uliyekuwa ukimwona sisimizi amebeba punje unanisimulia mpaka chakula kinapoa, leo umeingia bweni zima la watu ukatoka na neno moja. Uliona nini huko?

Bibi yako, mwenye macho ya Fundi lakini akili zake mwenyewe

*

13 Machi

Bibi yangu, shikamoo,

Si mimba. Mwambie Fundi ashushe pumzi.

Nilishuka Chini tarehe ishirini na mbili Februari, siku ile ile niliyopata barua yako. Wanalala wasichana mia moja na themanini. Jengo lile lilikuwa stoo, wakalikata vyumba kwa mbao. Na vyumba vile, Bibi, havina namba mlangoni. Havijawahi kuwa nazo. Wao wanaviita kwa alama, Karibu na Ngazi, Dirisha Bovu, Mlango wa Bluu.

Programu yangu inataka namba ya chumba. Mwanzoni watu walikuwa wananitumia mizaha, mwingine alituma kwamba simba ameingia bafuni. Kwa hiyo niliandika mstari mmoja, mfupi kuliko huu, unaosema ujumbe usio na namba utupwe. Nikausahau. Wale tisa wa Chini waliohesabiwa walibahatisha tu, walitunga namba.

Nilirudi chumbani nikatafuta ule uliotupwa. Bado ulikuwa umehifadhiwa mahali. Nilikuta ujumbe mia nne na kumi na saba. Na kila mmoja programu iliujibu, Asante, tatizo lako limepokelewa. Inashukuru, halafu inatupa. Mimi ndiye niliyeandika shukrani ile.

Kuna msichana wa Karibu na Ngazi anayetembea na magongo mawili. Ametuma mara kumi na tisa. Mara ya mwisho aliandika hivi: "Leo siku ya tano bomba halitoi. Mimi siwezi kubeba ndoo, na wanaonibebea wamechoka ingawa hawasemi. Mkipata nafasi." Kisha programu ikamwambia asante. Hakutuma tena.

Haya yote niliyajua siku tisa kabla ya mkutano. Na tarehe tatu nikasimama nikaonyesha ramani ile ile, Juu pekundu, Chini kweupe kama pameoshwa, wakapiga makofi. Nilijiambia nitarekebisha mwakani. Nilijiambia Juu nako maji hayatoki, na hilo ni kweli, hata mimi nalala Juu. Walionipigia kura wengi ni wa Juu. Nikisema sasa, watasema programu yote ni uongo, na lile daftari litarudi. Hakuna anayejua ila wewe, na sasa Fundi.

Fundi bomba anaanza tarehe ishirini. Sili vizuri. Niambie.

Chiriku

*

15 Machi

Chiriku wangu,

Dereva wa basi nimemwambia barua hii akiichelewesha nitakwenda kukaa sebuleni kwake na sitaondoka.

Nianze na ya kwako. Umekosea mara mbili. La kwanza ni kosa la mikono, ulikata kitambaa vibaya, na mwenye kukata nguo nyingi lazima siku moja akate pabaya. Hilo nimekusamehe kabla hujaomba. La pili si la mikono. Ulijua, ukasimama, ukapigiwa makofi. Hilo si langu kusamehe. Liko Karibu na Ngazi.

Sasa langu, na Fundi usinikatize.

Mtoto wa kitanda cha dirishani hakupona. Nilikudanganya. Alinyamaza siku nzima na usiku wake. Nilipiga deki chini ya kitanda chake mara nne, na kila mara nilimwona, macho wazi, mdomo umekauka, mama yake amesinzia kwa uchovu. Nilijua. Moyo wangu uliniambia kama mtu anayenivuta nguo. Lakini muuguzi mkuu alikuwa mkali, na mwezi ule alikuwa ameshanifokea kwamba kazi yangu ni sakafu. Nikajiambia wenye elimu yao wataona wenyewe. Nikabeba ndoo yangu nikaingia wodi ya pili. Niliporudi kabla ya adhuhuri kitanda kilikuwa kinabadilishwa shuka.

Nimekuwa nikisimulia kwamba nilisema, akaja mbio, mtoto akapona. Nimesimulia hivyo miaka thelathini. Mama yako aliisikia hivyo. Kuna siku naiamini kabisa, na siku hizo nalala vizuri.

Fundi ameweka kalamu chini. Ameniletea chai. Sasa ameishika tena.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu yalimwagika. Yako bado yamo ndooni, fundi bomba hajapiga sururu hata moja. Una siku tano. Mimi niliporudi sikukuta hata saa moja.

Nenda kwanza kwa huyo msichana wa magongo, umwambie mwenyewe, asije akasikia ukumbini pamoja na wengine. Halafu nenda barazani. Usiseme mashine imekosea. Mashine ilitii. Sema mstari ule niliuandika mimi. Na usilie mpaka umalize, maana ukilia watakuhurumia wewe, na wewe si mwenye kiu.

Unaogopa watakuondoa. Huenda wakakuondoa. Nyumba hii ina kitanda chako na sufuria zangu zote. Mimi sikuondolewa, niliheshimiwa mpaka nikastaafu na kupewa blanketi. Blanketi lile sijawahi kujifunika.

Kula kwanza, ndipo uende.

Bibi yako

*

22 Machi

Bibi, shikamoo sana,

Nilisoma barua yako nimekaa ngazini kwao, Chini, maana nilijua nikiisomea chumbani nitajificha humo. Halafu nikagonga mlango.

Yule wa magongo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kila alipoona ile asante alidhani sisi wa Juu tunasoma na kucheka. Nikamwambia hakuna aliyesoma. Akasema bora wangecheka. Kisha akanipa ruhusa niusome ujumbe wake barazani, lakini akataka aje mwenyewe kusikia nausomaje.

Barazani nilianza kwa kuonyesha ramani ile ya makofi. Nikasema ramani hii si ya kweli, na nimejua hivyo tangu Februari. Nikaweka ujumbe wote mia nne na kumi na saba ukutani, ukawa unapita taratibu bila majina. Ulipita muda mrefu, Bibi. Nikasoma ule wa mwisho wa Karibu na Ngazi. Sikulia. Mwenyekiti akauliza kosa ni la programu au la kampuni ya simu. Nikasema mstari ule niliuandika mimi, na kunyamaza nikanyamaza mimi.

Hapo pakachafuka. Mwakilishi wa Bweni la Juu, ambaye tunakaa naye chumba kimoja, aliniuliza mbele ya wote, "Kwa hiyo maji yetu unayagawa ili wewe upate usingizi?" Nilisema Juu kuna bomba la nje linalotoa asubuhi na jioni, Chini hakuna hata hilo, na mtu anaweza kushuka akaangalia sasa hivi. Mlezi wa wanafunzi akasimamisha kikao, wakashuka wote. Walifungua kila bomba. Lililotoa ni moja, la jikoni, na foleni yake ilikuwa imefika nje kwenye jalala la majivu.

Waliporudi wakapiga kura. Kumi na mmoja kwa tisa. Fundi bomba alianza juzi kuchimba Chini.

Wa Juu wanakusanya saini niondolewe. Zimefika sabini, zikifika mia kutakuwa na kura. Mwenzangu wa chumba hanisalimii. Sijui itakuwaje, na sitaki kukudanganya kwamba siogopi.

Programu sijaitupa. Ujumbe usio na namba sasa unaingia pembeni, na kila asubuhi watu wawili wanausoma kwa macho yao, hata wa simba. Mmoja wao ni yule wa magongo. Jana aliniambia wao hawataki namba milangoni, majina yao wameyazoea. Basi nimeifundisha programu majina yao, Karibu na Ngazi, Dirisha Bovu, Mlango wa Bluu. Anataka nimfundishe kuandika. Ameshaniona makosa mawili, na kompyuta ameishika siku nne.

Na lile la kitanda cha dirishani, nimelikunja nimeliweka. Sitamwambia mtu. Ila nataka ujue kwamba nilipokuwa nimesimama pale, nilimsemea na yeye.

Mjukuu wako,
Chiriku

*

29 Machi

Chiriku, roho yangu,

Fundi amenisomea barua yako akiwa amesimama mlangoni, mteja anamngoja na kipimo shingoni. Alipofika pale ulipoandika nilimsemea na yeye, akashindwa kuendelea. Mteja ndiye aliyemalizia kusoma. Kwa hiyo sasa mteja naye anajua mambo yetu, na gauni lake atashonewa bure.

Mimi sikulia. Nilitoka nje nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Saini zao zifike mia, zifike elfu. Ukiondolewa, utabaki kuwa msichana aliyewashusha wakubwa wote ngazi ile wakafungua mabomba kwa mikono yao. Hilo hakuna kura ya kulirudisha nyuma. Usipoondolewa, usianze kutembea kama jogoo. Mwenzako wa chumba msalimie wewe kila siku, hata asipoitikia. Ana kiu na yeye, na hasira yake ina haki kidogo. Mwakani tangi la pili likija, wewe ndiye uwe wa kwanza kulipigania liende kwake.

Huyo wa magongo mfundishe kila unachojua, usimfiche hata mstari. Mwambie kuna bibi asiyejua kusoma anataka kusikia programu yake yeye itafanya nini.

Sasa kazi. Umewapata waliotuma ukawatupa. Je, wasio na simu kabisa? Wapo, usiniambie hawapo, kila nyumba wapo. Nao wanalala katika mabweni hayo hayo. Nenda ukawahesabu kwa miguu, halafu uniandikie. Nangoja.

Jana nimekwenda hospitalini kwetu, wodi ile. Nilikuwa sijaikanyaga tangu blanketi. Kuna binti mpya anayepiga deki, mwembamba, haongei. Nimemkalisha nikamwambia ukiona mtoto kanyamaza, weka mopu chini, mshike muuguzi mkono, hata akikufokea. Alinitazama kama mwehu. Nikamwambia tena. Akasema, "Nimesikia, Bibi." Nitarudi wiki ijayo nione kama kweli amesikia.

Nimemwambia Fundi aandike hapa kwamba ninajivunia wewe. Amesema nimeshamwandikisha hivyo mara tatu, karatasi inakwisha. Nimemwambia hizo tatu azifute, hazikuwa zimekaa vizuri, aandike ya nne kwa herufi kubwa.

NINAJIVUNIA WEWE.

Bibi yako